Jinsia ya Kifaranga wa Silkie na Alama Zinazofichwa na Manyoya

Miongoni mwa kuku wanaofugwa kwa ajili ya uzuri wao, ni vigumu kupata wanaowasumbua wafugaji katika suala la jinsia kama kuku wa Silkie, ambao wana manyoya laini yanayofanana na sufu, ngozi nyeusi, vidole vitano katika kila mguu badala ya vinne, na masikio yenye rangi ya samawati. Kwa kuku wengi wa kienyeji, mfugaji mwenye macho makini huweza kumtofautisha pora, yaani jogoo kijana ambaye bado hajaanza kuwika, na jike wa rika lake wanapofikisha wiki sita au nane. Kwa Silkie muda huo hupita bila ishara ya kuaminika, na si ajabu mfugaji kukaa na ndege wake miezi mitano au sita akiwa bado na shaka. Ugumu huo hautokani na uzembe wa mfugaji wala uchache wa uzoefu wake. Tabia zile zile za kimaumbile zinazompa Silkie sura yake ya pekee ndizo zinazofuta au kuchelewesha karibu kila alama iliyozoeleka, na mtu akielewa zinavyofanya hivyo ataweza kuzisoma alama chache zinazobaki.

Silkie ni kuku wa Asia ya Mashariki, na kwa kauli ya wengi chimbuko lake ni China. Marco Polo, msafiri wa Venice wa karne ya 13, alisimulia habari za kuku wa pande za Fuzhou ambao walikuwa weusi na wenye nywele kama za paka mahali pa manyoya, na wasomaji wengi wa habari hiyo wameona kwamba ndege aliyekusudiwa ni huyu. Katika wilaya ya Taihe, mkoani Jiangxi, kuku hawa wamefugwa kwa muda mrefu kwa ajili ya nyama na supu inayothaminiwa katika tiba ya jadi ya Kichina, hasa kwa wanawake waliotoka kujifungua. Marekani iliwatambua rasmi katika kitabu chake cha kwanza cha viwango vya kuku mwaka 1874, na katika miaka ya karibuni wameingia pia katika mabanda ya wafugaji wa kuku wa mapambo wa Kenya na Tanzania. Anayenunua vifaranga watatu au wanne kwa bei ya kuku wa mapambo ana haki ya kutaka kujua kama amenunua kizazi au amenunua majogoo matupu, na kwa hiyo suala la jinsia ni suala la fedha pia.

Jinsia ya kifaranga huamuliwa kabla yai halijatagwa. Kila seli ya mwili ina kromosomu, yaani nyuzi nyembamba sana zinazobeba jeni au maagizo ya urithi, na katika ndege, kinyume cha binadamu, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, ambazo wanasayansi wameziita Z na W, ilhali dume ana Z mbili. Yai lililopokea W kutoka kwa mama litatoa jike na lililopokea Z litatoa dume, wala jogoo hana uamuzi wowote katika jambo hilo kwa kuwa yeye hutoa Z siku zote. Uwezekano kwa hiyo ni takriban nusu kwa nusu katika kila yai, na joto la mashine ya kutotoleshea haliubadilishi, tofauti na ilivyo kwa kasa na mamba, ambao jinsia yao hutegemea joto la mahali mayai yalipofukiwa. Imani kwamba umbo la yai hueleza jinsia ni ya kale mno, lakini hata wakubwa wa elimu ya kale hawakupatana juu yake: Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba mayai marefu yenye ncha hutoa majike na yale ya mviringo hutoa madume, na karne kadhaa baadaye Pliny wa Roma akaandika kwamba mayai ya mviringo ndiyo hutoa majike. Imani hiyo, pamoja na ile ya kuning'iniza pete au sindano juu ya yai na kutazama inavyoyumba, bado inasikika hadi leo, na haina msingi wowote.

Njia ya kitaalamu ya kutambua jinsia ya kifaranga wa siku moja ilianzia Japani katika miaka ya 1920. Kiyoshi Masui na wenzake walionyesha kwamba ndani ya ukingo wa kloaka, yaani tundu moja ambalo ndege hulitumia kwa haja na kwa uzazi, kifaranga dume huwa na kinundu kidogo kilichotuna, ambacho kwa jike hakipo au ni hafifu, na mwaka 1927 matokeo hayo yakafikishwa mbele ya mkutano wa dunia wa wataalamu wa kuku uliofanyika Ottawa, Canada. Wajapani waliofunzwa kazi hiyo walitafutwa na viwanda vya kutotolesha vya nchi nyingi, na fundi mahiri huweza kuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 95. Hata hivyo ufundi huo hupatikana kwa mafunzo marefu, huku mikono ikishika maelfu ya vifaranga, na wapo majike wenye kinundu kinachofanana sana na cha dume. Kifaranga wa Silkie ni mdogo kuliko kifaranga wa kuku wa kibiashara, na mtu asiyefunzwa anayembana tumbo ili kulifunua tundu hilo anaweza kumpasua utumbo. Mfugaji wa nyumbani hana sababu ya kuijaribu njia hii.

Wengine hutazama mbawa. Katika baadhi ya kuku wa kibiashara manyoya marefu ya ubawa wa kifaranga jike huonekana yamepishana kwa urefu, mafupi na marefu, ilhali ya dume yamelingana, na jambo hilo limewafanya wengi waamini kwamba kila kifaranga anaweza kusomwa hivyo. Tofauti hiyo haipo katika kuku wote kwa asili, kwa maana husababishwa na jeni moja inayochelewesha kuota kwa manyoya, ambayo imo kwenye kromosomu Z, na huonekana tu pale wazalishaji wanapowapandisha kwa makusudi majike yenye jeni hiyo na majogoo yasiyo nayo. Kifaranga wa Silkie aliyetoka kwa wazazi wa kawaida hana mpango wa namna hiyo nyuma yake, na kusoma jinsia yake kwa ubawa ni kubahatisha.

Baada ya siku za mwanzo, mfugaji hutegemea sura, na hapa ndipo Silkie anapojitenga kabisa na kuku wengine. Unyoya wa kawaida una uti wa katikati, matawi yanayotoka pande mbili za uti huo, na vijitawi vidogo sana vyenye vindoano ambavyo hushikana na kuyafanya matawi yawe bapa moja imara. Silkie amerithi mabadiliko ya jeni ambayo huvinyima vijitawi hivyo vindoano vyake, na kwa hiyo matawi hubaki yametawanyika, kila moja peke yake, na ndege huonekana kama amevikwa nywele. Matokeo ya kwanza yanajulikana na wote, kwamba kuku huyo hawezi kuruka na hulowa upesi mvua inaponyesha. Matokeo ya pili hayasemwi sana. Kwa kuku wengine, alama bora ya dume kuanzia mwezi wa tatu ni manyoya ya shingo na ya kiuno, ambayo kwa pora huchongoka, hurefuka na kung'aa, ilhali kwa jike huwa mapana yenye ncha ya duara. Tofauti hiyo huonekana kwa sababu ukingo wa unyoya ni mstari unaosomeka. Unyoya usio na vindoano hauna ukingo wa kusomeka wala uso laini wa kuakisi mwanga, na kwa hiyo ncha na mng'ao, ambavyo kwa jogoo wa kienyeji humtangaza tokea mbali, kwa Silkie hupotea ndani ya sufu. Mara moja moja dume hutoa manyoya machache magumu yenye kung'aa mkiani au mabegani, na yanapotokea ni ushahidi mzuri, lakini mzalishaji hodari huchagua kizazi chake kwa namna ya kuyaondoa manyoya hayo, na hivyo kadiri Silkie anavyokaribia ubora wa maonyesho ndivyo alama hiyo inavyozidi kukosekana.

Upanga, yaani kile kinyama kilichosimama juu ya kichwa, una habari nyingi zaidi, kwa sababu ukuaji wake unaongozwa moja kwa moja na homoni ya kiume, ambayo ni kemikali inayotengenezwa na korodani na kusafirishwa na damu mwilini kote. Uhusiano huo ulidhihirishwa mwaka 1849 na Arnold Adolph Berthold wa Göttingen, Ujerumani, ambaye aliwahasi majogoo wachanga na kuona kwamba panga zao zilidumaa na kwamba hawakuwika wala kupigana, kisha akaona kwamba wale waliorudishiwa korodani ndani ya tumbo, hata kama ni za ndege mwingine, walikua majogoo kamili. Upanga kwa hiyo ni kipimo cha homoni kilichobebwa kichwani, na mfugaji wa Silkie hana budi kuuamini kuliko alama nyingine yoyote ya nje. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe kimepunguzwa mara mbili. Kwanza, upanga wa Silkie haukusimama wala kuchanika meno kama wa kuku wa kawaida, bali ni fundo dogo lenye mikunjo, linalotokana na kukutana kwa jeni mbili, na moja kati yake hupunguza ukubwa wa upanga na wa vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo. Pili, wekundu unaoupanda upanga wa pora wa kienyeji anapofikisha mwezi mmoja au miwili hauonekani kwa Silkie, kwa kuwa melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, imetanda katika ngozi yake, na hata mifupa na utando unaofunika viungo vya ndani ni vyeusi. Upanga wake hubaki wa rangi ya zambarau iliyoiva.

Inabaki kutazama upana na unene. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, madume wengi huanza kuonyesha upanga mpana ulioenea upande hadi upande juu ya mdomo, ulioinuka na kukunjamana, ilhali wa majike hubaki kama mstari mwembamba na bapa unaohitaji kutafutwa kwa kidole chini ya manyoya. Neno wengi halina budi kutiliwa mkazo, kwa sababu zipo koo ambazo madume yake huchelewa hadi mwezi wa tano, na majike machache huwa na upanga mkubwa kiasi cha kumdanganya hata mfugaji wa siku nyingi. Kulinganisha ndege wa umri mmoja na wazazi wamoja, waliolishwa pamoja, huleta jibu bora kuliko kumtazama ndege mmoja peke yake. Ikiwa katika vifaranga sita wa siku moja wawili wana panga zilizowazidi wenzao waziwazi, ushahidi huo una uzito, hata kama hakuna upanga uliofikia ukubwa wa kushangaza.

Kishungi, yaani rundo la manyoya ya kichwani, nacho husaidia ingawa kwa kuchelewa. Kwa jike hukua kikawa duara iliyojaa pande zote na mara nyingi huyafunika macho, ilhali kwa dume manyoya ya mbele husimama au hulala nyuma na ya kisogoni hurefuka yakachomoza kama michirizi inayoning'inia shingoni. Michirizi hiyo hutokana na kanuni ile ile inayorefusha manyoya ya shingo ya majogoo wote, na kwa kuwa hujitokeza kwa urefu wala si kwa umbo la ncha, sufu haiwezi kuificha kabisa. Inapoonekana dhahiri, kwa kawaida baada ya mwezi wa tatu au wa nne, shaka hupungua sana. Kutokuwapo kwake hakuthibitishi kwamba ndege ni jike, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi sokoni, ambapo kifaranga wa miezi miwili mwenye kichwa cha duara huuzwa kama jike wakati ambapo kila Silkie wa umri huo, wa jinsia yoyote, anaweza kuwa na kichwa cha duara.

Alama nyingine ni za kuongezea tu. Dume husimama wima zaidi, miguu yake ni minene, mgongo wake ni mfupi kwa kuangalia na mkia umeinuka. Jike huwa wa chini, mpana wa nyuma, kama tufe. Kipi, yaani mwiba unaoota nyuma ya mguu wa jogoo, huanza kama kidoti kwa jinsia zote mbili na hakifai kwa uamuzi kabla ya mwezi wa saba au wa nane. Tabia nazo hupotosha: vifaranga majike hutunishiana shingo na kurukiana vifua wakitafuta nafasi zao katika kundi, na pora mpole anayeishi chini ya jogoo mkubwa anaweza kujificha miezi mingi bila kuwika wala kupigana, kwa kuwa ubabe wa yule mkubwa humnyamazisha.

Ipo hali moja ambayo weusi wa Silkie, badala ya kuificha jinsia, huifichua siku ile ile ya kuanguliwa. Mwaka 1911 wanasayansi Waingereza William Bateson na Reginald Punnett walichapisha matokeo ya kuwapandisha Silkie na kuku wa Leghorn wa kahawia, ambao ngozi yao haina weusi. Jogoo wa Silkie alipopandishwa kwa tetea wa Leghorn, mabinti walitoka weusi wa ngozi na wana wa kiume wakatoka na weusi kidogo tu. Walipogeuza wazazi, tofauti hiyo ikatoweka na vifaranga wa jinsia zote wakawa na weusi kidogo. Sababu ni kwamba jeni inayozuia weusi wa ngozi imo kwenye kromosomu Z, na tetea huwapa Z yake wana wa kiume peke yao, huku mabinti wakipata Z ya baba, ambaye kwa upande wa Silkie hana kizuizi hicho. Huu ulikuwa mmoja wa mifano ya mwanzo ya urithi unaofuata jinsia kuelezwa vizuri katika kuku, na mfugaji mwenye jogoo wa Silkie na matetea wa kienyeji wenye miguu ya njano au myeupe anaweza kuiona kanuni hiyo kwa macho yake. Gharama yake ni kubwa kwa anayetaka urembo: manyoya ya sufu hurithiwa kwa siri, yaani huonekana pale tu kifaranga anapoipata jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, na kwa hiyo vifaranga hao wa mchanganyiko, ambao jinsia yao inasomeka kwa urahisi, huota manyoya ya kawaida na si Silkie tena.

Kwa Silkie halisi, jibu la mapema lenye uhakika hutoka maabara. Ipo jeni iliyomo kwenye Z na kwenye W pia lakini kwa urefu tofauti kidogo, na kipimo cha DNA, yaani cha kemikali inayobeba maagizo ya urithi, huonyesha vipande vya urefu wa namna mbili kwa jike na namna moja kwa dume. Kinachohitajika ni tone la damu, unyoya uliong'olewa pamoja na shina lake, au utando uliobaki ndani ya ganda la yai kifaranga alipotoka. Kipimo hiki ni cha kawaida kwa wafugaji wa kasuku katika nchi nyingi na hufanya kazi vile vile kwa kuku, na kwa ndege wa kizazi bora anayeuzwa kwa bei kubwa ni matumizi ya haki ya fedha.

Asiye na maabara hungoja kuwika au yai. Madume wa Silkie huanza kuwika kati ya mwezi wa nne na wa nane, na majike, ambao hutaga kwa kuchelewa, huanza aghalabu kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Hata kuwika si hukumu ya mwisho. Tetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto, na ni homoni ya ovari hiyo inayompa manyoya ya kike. Ikiharibiwa na ugonjwa au uzee, kiungo cha kulia kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka na kutoa homoni za kiume, na jike huyo akaota vipi, upanga ukakua, na akawika. Jambo hilo ni nadra na halimhusu kifaranga, lakini linaeleza kwa nini tetea mzee anayewika, ambaye katika jamii nyingi huchinjwa kwa kudhaniwa kuwa ni nuksi, anastahili kutazamwa kama mgonjwa. Yai lililoonekana likitagwa na ndege fulani ndilo ushahidi usiopingwa.

Kwa mnunuzi, hesabu ndogo ina manufaa kuliko ahadi ya muuzaji. Kwa kuwa kila kifaranga ana uwezekano wa nusu, anayechukua vifaranga sita wasiochaguliwa ana nafasi 63 katika 64 za kupata angalau jike mmoja, na nafasi 57 katika 64 za kupata majike wawili au zaidi; anayechukua wawili tu ana nafasi moja katika nne ya kurudi nyumbani na madume peke yao. Muuzaji mwaminifu naye angefanya vizuri kuuza ndege wa chini ya miezi mitatu kama wasiojulikana jinsia, kwa bei inayolingana na hali hiyo, au kuandikiana na mnunuzi kwamba dume atabadilishwa. Mwenye kutotolesha mara kwa mara ana njia nyingine, kwa kuwa muda wa kujitokeza kwa upanga na kishungi hufuata koo: akimvalisha kila kifaranga pete ya mguuni yenye namba, akaandika upana wa upanga wake katika wiki ya nane, ya kumi na mbili na ya kumi na sita, kisha akaandika yupi aliwika na yupi alitaga, vizazi viwili vitampa kipimo cha ukoo wa kuku wake mwenyewe ambacho hakuna kitabu kinachoweza kumpa. Pete hizo hazina budi kukaguliwa kila wiki chache, kwa kuwa miguu ya Silkie ina manyoya yanayozifunika, na pete iliyosahaulika huweza kuukaba mguu unaonenepa kabla mfugaji hajagundua.